Nairobi: Wenye Viwanda Wameshikana. Je, Sisi?



Katika ukurasa huu wa Nchi Jirani tumezoea kuandika habari za migomo, mishahara na sheria za kazi. Safari hii tutatazama upande wa pili wa meza. Huyu mwenye kiwanda anayeketi mbele yetu tunapodai nyongeza, nguvu yake inatoka wapi? Wengi wetu tutajibu mara moja kwamba inatoka kwenye fedha zake. Jibu hilo si uongo, lakini ni nusu tu ya kweli. Fedha peke yake haiendeshi kiwanda. Kiwanda kinaendeshwa na watu wanaojuana: anayeuza malighafi, anayekopesha, anayesafirisha, anayenunua kwa jumla, anayetengeneza mashine ikiharibika, na anayejua mlango wa kubisha serikalini. Mwenye kiwanda asiye na watu hao hatafika mbali hata akiwa na fedha.

Tumechagua mji wa Nairobi kwa sababu bidhaa zake tunazo majumbani mwetu, kuanzia Kampala hadi Mwanza na Bujumbura, na kwa sababu yanayotokea kwa wafanyakazi wa Nairobi huchelewa kidogo tu kufika kwetu.

MJI ULIVYOKUA

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilikuta watu 509,286. Ile ya mwaka 1989 ilikuta 1,324,570, na ile ya mwaka 2019 ikakuta 4,397,073. Yaani katika miaka 50 watu wameongezeka zaidi ya mara nane. Wote hao wanahitaji unga, sabuni, mafuta ya kupikia, mabati, rangi, viatu na sufuria. Mji wa namna hiyo ni soko kubwa kwa mwenye kiwanda, na pia ni ghala la watu wanaotafuta kazi.

Viwanda vikubwa vimejipanga kusini ya reli, katika eneo wanaloliita Industrial Area, kwenye barabara kama Enterprise, Likoni na Lunga Lunga. Alfajiri utaona misururu ya watu wakitoka vibanda vya Mukuru kwenda kwenye mageti kwa miguu, kwa sababu nauli ya basi ingekula mshahara. Mashariki ya katikati ya mji kuna Kamukunji na Gikomba, ambako mafundi wa jua kali wanagonga mabati kutwa nzima. Mtu anaweza kudhani kwamba sehemu hizi mbili hazina uhusiano wowote. Kumbe zimefungwa kwa kamba moja. Tutaitazama kamba hiyo, uzi mmoja mmoja.

UZI WA KWANZA: JAMAA

Uzi wa zamani kuliko yote ni wa ukoo na jamii. Wakati wa ukoloni Wahindi walizuiwa kumiliki mashamba katika nyanda za juu zilizotengwa kwa Wazungu. Kwa hiyo fedha yao ikaenda dukani, na baadaye kiwandani. Baba alikaa dukani, kaka mmoja alipokea mizigo bandarini Mombasa, mtoto alipelekwa kusoma uhandisi, binamu akauza Kampala au Dar es Salaam. Familia ya Manu Chandaria, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1929, ilianza na biashara ya duka, ikaingia katika viwanda vya alumini na chuma, na hatimaye ikawa na viwanda katika nchi nyingi ndani na nje ya Afrika. Katika familia za namna hii siri ya biashara haitoki nje, na mkopo wa kwanza hauhitaji wakili.

Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya leseni iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina fulani na katika sehemu fulani. Wengi walifunga maduka wakaondoka. Wengine wenye mtaji waliuhamishia viwandani. Ndivyo sheria iliyolenga maduka ilivyoongeza viwanda.

Mwafrika kwa upande wake alifungiwa mlango mapema. Sheria za ukoloni ziliwekea mipaka mikopo ya biashara ambayo Mwafrika angeweza kupewa. Ukimnyima mtu mkopo humnyimi fedha tu, unamnyima pia nafasi ya kujulikana kuwa mwaminifu. Baada ya Uhuru serikali ilijaribu kurekebisha jambo hilo, na mwaka 1967 likaundwa shirika la Kenya Industrial Estates ili kuwapa wananchi majengo, mashine na mikopo. Baadhi walifaulu. Wengine walipata mashine lakini hawakupata watu wa kuwauzia malighafi kwa mkopo wala wa kununua bidhaa zao kwa jumla, na mashine zikapata kutu.

Hatuandiki haya kuchochea chuki ya rangi. Mwajiri mweusi, mweupe na wa Kihindi wanakaa katika chama kimoja cha waajiri, na hapo hawaulizani kabila. Sisi ndio tunaoulizana.

UZI WA PILI: MALI KAULI

Uzi huu ndio unaofunga viwanda na maduka kila siku. Mwenye kiwanda cha sabuni hapati fedha taslimu kwa kila katoni. Anampa mwenye duka la jumla mzigo leo, alipwe baada ya siku 30 au zaidi. Yeye mwenyewe amechukua mafuta na dawa kwa mtu mwingine kwa masharti hayo hayo. Hundi inaandikwa tarehe ya mbele, inafungiwa kwenye droo na kungoja siku yake. Biashara yote inakwenda kwa kauli.

Mgeni hapewi mali kauli siku ya kwanza. Kwanza ananunua kwa fedha taslimu, mara ya pili vile vile, mara ya tatu. Kisha anapewa mzigo mdogo wa wiki moja. Akilipa, anaongezewa. Akivunja ahadi, habari zake zitafika mtaa mzima kabla ya jua kutua, na hakuna atakayemfungulia ghala. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Wenye viwanda wanazo daftari mbili: moja ya fedha, na nyingine ya majina ya watu, ambayo wameiandika kichwani.

Sasa ndugu msomaji, hebu tufikiri pamoja. Mfanyakazi wa mwezi anaingia kiwandani tarehe 1. Anafanya kazi siku moja, siku mbili, wiki mbili, wiki tatu. Sabuni imekwisha kutengenezwa na pengine imekwisha kuuzwa. Yeye atalipwa mwisho wa mwezi. Je, huu si mkopo? Ni mali kauli, na mali yenyewe ni jasho. Mfanyakazi anamkopesha mwajiri kila mwezi bila riba na bila hundi. Mshahara ukichelewa wiki mbili, mkopo umeongezwa muda bila yeye kuulizwa.

Mwenye duka asipolipwa kwa wakati husimamisha mzigo unaofuata, na hakuna anayemwita mkorofi. Mfanyakazi akisimamisha kazi kwa sababu hajalipwa huitwa mchochezi. Tofauti ni kwamba mwenye duka ana wenzake wanaomjua na kumsikiliza, na mfanyakazi aliye peke yake hana.

UZI WA TATU: VYAMA VYAO

Watu wengi wanadhani chama ni kitu cha wafanyakazi. Wenye viwanda walilijua jambo hili zamani. Mwaka 1959, miaka minne kabla ya Uhuru wa Kenya, waliunda vyama viwili. Kimoja ndicho leo kinachoitwa Chama cha Wenye Viwanda wa Kenya, ambacho kazi yake ni kuzungumza na serikali juu ya ushuru, kodi, umeme na bei. Cha pili ni Shirikisho la Waajiri wa Kenya, ambalo kazi yake ni mambo ya mishahara, kesi na vyama vya wafanyakazi. Tazama walivyogawana kazi: mkono mmoja unashika soko, mwingine unatushika sisi.

Upande wa wafanyakazi, Makhan Singh na Fred Kubai walikuwa wamejaribu mapema zaidi kuunganisha vyama vya Afrika ya Mashariki, mwaka 1949. Wakoloni waliwakamata Mei 1950, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku kadhaa. Mwaka 1962 serikali, waajiri na shirikisho la wafanyakazi walitia sahihi Mapatano ya Uhusiano Kazini, na mwaka 1965 COTU ikaundwa.

Ndugu zetu wa mashambani wanaufahamu uzi huu vizuri. Wenye mashamba makubwa ya chai nchini Kenya wana chama chao tangu mwaka 1931. Mwenye shamba wa Kericho na wa Nandi hawaji mezani kila mmoja kivyake. Wanakuja na sauti moja, na chama cha wafanyakazi wa mashambani kinajibu kwa sauti moja. Mazungumzo yanakuwa magumu na mara nyingi huishia mahakamani, lakini mkataba ukipatikana unawafunika wachuma chai wa makampuni mengi kwa mara moja. Kwa njia hiyo kampuni haiwezi kusema, "Nikiongeza mimi, jirani yangu ataniuzia chini."

Viwandani mara nyingi ni kinyume. Waajiri wanaulizana mishahara kabla ya kuja mezani, na sisi tunakwenda geti moja moja. Tunamkuta meneja anajua wanalipa kiasi gani barabara nzima, nasi hatujui hata jirani wa ukuta wa pili analipwa nini. Mwanachama aliyefukuzwa kwenye geti moja kwa ajili ya chama hukuta jina lake limemtangulia kwenye geti la pili. Mimi mwenyewe katika kazi yangu ya kuandikisha wanachama nimeona vijana wa namna hiyo, mafundi hodari, wakizunguka miezi bila kupata hata kibarua.

UZI WA NNE: JUA KALI

Watu wa Kamukunji ni nani? Ni wafanyakazi au ni wenye viwanda? Ni vyote viwili. Fundi ana nyundo yake, kibanda chake na pengine wanagenzi wawili, lakini jioni akihesabu kilichobaki huenda kikawa chini ya mshahara wa mfagiaji wa kiwandani.

Wao nao wana kamba yao. Mapipa matupu na vipande vya bati vinatoka Industrial Area, vinanunuliwa na wenye chuma chakavu, vinafika Kamukunji. Hapo mmoja anakata, wa pili anakunja, wa tatu anapiga ribiti, wa nne anapaka rangi. Mwenye mashine ya kukatia anawakodisha wenzake. Linatoka sanduku la mwanafunzi, karai, toroli au jiko. Jiko lile lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lililoanza kuenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni mfano mzuri. Fundi wa bati hafinyangi udongo, na mfinyanzi hakunji bati. Wakikosa kuelewana, jiko halipo.

Benki nyingi hazikuwatambua watu hawa, kwa hiyo wanachangishana. Kila wiki kila mmoja anatoa kiasi, na zamu kwa zamu mmoja anachukua fungu zima akanunue bati. Wamejiandikisha katika vyama vyao pia. Mwaka 1985 Rais Moi alifika Kamukunji na kuahidi mabanda ya kuwakinga na jua, na mafundi walijifunza kwamba kundi lenye jina na mwenyekiti husikika kuliko watu elfu wasio na jina.

Lakini kamba hii ni nyembamba. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, serikali ya Kenya ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu. Marufuku iliondolewa baadaye mwaka huo huo, lakini kwa miezi hiyo wenye kuokota, wenye kupima na wenye kuyeyusha walikaa bila kazi. Uzi mmoja ukikatika, wa chini ndiye huanguka kwanza. Kiwanda kikubwa kina bima na akiba. Fundi ana wenzake tu.

KAMBA INAPOTUFUNGA SISI

Hapa ndipo mambo yanapotuhusu hasa. Mwenye kiwanda akishajua watu wengi wa kumfanyia kazi nje ya geti, anaanza kuwagawia kazi. Kufungasha kunapewa kampuni ndogo. Ulinzi unapewa kampuni nyingine, usafi nyingine, usafirishaji nyingine. Watu wa mashine wanaletwa na wakala anayechukua sehemu ya malipo yao. Mwisho wake unawakuta watu 300 ndani ya ukuta mmoja, na ukiuliza mwajiri ni nani unapewa majina sita. Chama kikidai haki za wote, kinaambiwa kwamba waajiriwa halisi ni 60.

Kamba nyingine inavuka bahari. Kenya ilianzisha maeneo maalum ya viwanda vya kuuza nje kwa sheria ya mwaka 1990, na kubwa lao liko Athi River, kilomita chache nje ya Nairobi. Mwenye kiwanda huko alipewa msamaha wa kodi ya mapato wa miaka 10. Baada ya Marekani kutunga sheria ya mwaka 2000 iliyofungulia nguo za Afrika soko bila ushuru, viwanda vya nguo viliongezeka haraka. Bei ya suruali ilipangwa na mnunuzi Marekani, mwenye kiwanda akaibana ipasavyo, na aliyebanwa mwisho ni dada aliyeketi kwenye cherehani. Januari 2003, mara baada ya serikali mpya kuingia, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda hivyo waligoma wakidai mishahara, saa za kazi na haki ya kuwa na chama. Hawakungoja geti moja moja. Mgomo ulipita kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa sababu walikuwa wakiishi vyumba vya jirani, wakichota maji bomba moja na kupanda basi moja. Kujuana kwao ndiko kulikokuwa chama kabla chama hakijaingia.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila tawi liijue kamba ya mwajiri wake. Katibu wa tawi aandike katika daftari: malighafi inatoka wapi, bidhaa zinakwenda kwa nani, nani analeta vibarua, nani anasafirisha, na viwanda vipi vingine ni vya mwenye mali huyo huyo. Dereva, karani wa ghala na mlinzi wa geti wanayajua mengi ya hayo. Ni kuwauliza tu.

Pili, tukutane kwa barabara, tusikutane kwa geti peke yake. Sheria ya Kenya ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoruhusiwa kuwa wanachama. Inasema hivyo hivyo kwa kundi la waajiri au chama chao katika sekta moja. Maana yake ni kwamba mlango wa meza moja umekwisha kuwekwa. Unaofungua ni wingi wa wanachama. Tulio nje ya Kenya tusome sheria zetu tuone zinasemaje.

Tatu, tusiwaache vibarua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Anastahili haki za mfanyakazi wa mwezi. Ndiyo maana wasimamizi wengine humwambia apumzike siku chache kisha arudi. Kibarua atunze kumbukumbu ya siku zake zote, tarehe kwa tarehe. Bila kumbukumbu, mahakamani atabaki na maneno matupu.

Nne, tuwatazame mafundi wa jua kali kama ndugu. Takwimu za serikali ya Kenya zinaonyesha kwamba katika kila watu 10 wenye kazi nje ya mashamba madogo, zaidi ya 8 wako jua kali. Makao makuu ya COTU yako Barabara ya Digo, si mbali na Gikomba, lakini mafundi wengi wa hapo hawamo katika chama cha wafanyakazi. Sisi tuliomo viwandani tukiwadharau, ndio watakaopewa kazi yetu kwa bei ya chini. Tukikaa nao, tunaweza kukubaliana bei ambayo hakuna atakayeishusha.

Tano, tuvuke mipaka. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977 wenye viwanda wa Nairobi walipoteza masoko, na hawakusahau. Mwaka 1997, kabla Jumuiya mpya haijatiwa sahihi, waajiri na wafanyabiashara wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamekwisha kuunda baraza lao Arusha. Vyama vya wafanyakazi vina umoja wao wa Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1988, yaani tuliwatangulia. Lakini umoja wa viongozi hautoshi. Mfanyakazi wa kiwanda cha rangi Nairobi na mwenzake wa kampuni hiyo hiyo Kampala wajulishane mishahara yao, ili kampuni isimtishe mmoja kwa kumtumia mwingine.

Hayo yote hayahitaji fedha nyingi. Wenye viwanda hawakushikana siku moja. Walianza kwa kupeana mzigo mdogo wa wiki moja na kulipana kwa wakati. Sisi nasi tunaweza kuanza kidogo. Katibu wa tawi ambaye hajawahi kunywa chai na katibu wa kiwanda cha jirani, amtafute wiki hii. Wakiketi, kila mmoja aje na karatasi yake ya mshahara.